Begi Lililobaki Iringa: Kisa cha Akina Mama Kumi na Wawili na Safari ya Ruaha

Usuli

Kisa hiki kinahusu kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama kumi na wawili kutoka mji mmoja wa Nyanda za Juu Kusini. Mji sitautaja, jina la kikundi sitalitaja, na mambo machache ya mtu mmoja mmoja nimeyabadilisha ili asitambulike. Mdogo wao alikuwa na miaka 29, mkubwa wao 67. Hakuna aliyewahi kuingia hifadhini, ingawa wote wamezaliwa na kuolewa saa chache tu kutoka Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Walipovunja mzunguko wa mwaka walikubaliana kutenga sehemu ya faida kwa ajili ya matembezi, na mwenyekiti akanipigia simu. "Mwanangu," alisema, "tumechoka kumwona tembo kwenye noti ya elfu kumi. Tunataka kumwona anatembea."

Mimi ni mratibu wa safari, kazi yangu iko Iringa mjini. Wageni wangu wengi hutoka nje ya nchi. Vikundi vya wenyeji napata labda viwili, vitatu kwa mwaka, na hilo lina uzito katika kisa hiki, kwa hiyo nalisema mapema.

Mpango ulikuwa mwepesi. Wangetoka kwao Ijumaa alfajiri kwa kosta, wafike Iringa wahamie kwenye landikruza mbili za paa la kufunguka, walale usiku mbili kwenye mabanda ya Msembe ndani ya hifadhi, kisha Jumapili warudi. Kutoka Iringa mjini hadi hifadhini ni kama kilomita 130. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Oktoba. Wakati huo nyasi zimekauka, mto Ruaha Mkuu umebaki madimbwi, na wanyama wamejazana penye maji. Kwa kuona wanyama hakuna muda mzuri kuliko huo. Kwa joto, hakuna mbaya kuliko huo.

Jambo moja kuhusu mahali lieleweke. Mji wa akina mama hawa uko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Msembe iko chini ya mita 1,000, kwenye bonde la ufa. Kwa kawaida ukishuka mita 1,000 joto linapanda kama nyuzi sita, na Oktoba Ruaha hupita nyuzi 35 mchana. Mtu anayetoka kwenye ukungu na moshi wa kuni asubuhi anaingia kwenye nchi ya mibuyu kabla ya saa tisa alasiri. Ni safari ya siku moja, lakini mwili unaona umehama mkoa na majira kwa pamoja.

Orodha niliyotuma

Nilituma orodha kwenye kundi lao la WhatsApp wiki mbili kabla. Nguo za rangi ya udongo, kofia pana, jaketi la asubuhi, begi moja laini lisilozidi kilo 15, darubini kama unayo, dawa zako binafsi, kitambulisho. Haikuwa mbaya. Ila niliitengeneza miaka mingi nyuma kwa wageni wanaotua kwa ndege ndogo kwenye uwanja wa Msembe. Kilo 15 ni za ndege. Jaketi ni la Julai, kwa mtu anayekaa kwenye gari la wazi saa kumi na mbili asubuhi. Nilichofanya ni kuitafsiri tu.

Akina mama waliisoma kwa macho yao. Waliposoma "jaketi" walielewa ni baridi, na wao baridi wanaijua, kwa hiyo walibeba sweta nzito, makoti, na wawili wakabeba mablanketi. Waliposoma "rangi ya udongo", mmoja alitokea na gauni jekundu lililokoza. Nilipomuuliza alinitazama kwa mshangao: udongo wa kwao ni mwekundu. Na "begi moja" lilikuwa kweli begi moja. Shangazi kaja, lile la miraba ya bluu, nyekundu na nyeupe, linaloingia godoro likikunjwa vizuri.

Kulikuwa na fulana pia. Siku mbili kabla ya safari katibu alituma picha kwenye kundi: fulana kumi na mbili za sare, jina la kikundi mgongoni kwa maandishi meupe, elfu kumi na tano kila moja. Rangi ilikuwa bluu iliyokoza. Nilijua pale pale kwamba hiyo ndiyo rangi ndorobo, yule nzi wa porini anayeuma, anayoipenda. Niliandika, "Zimependeza sana, hongereni." Sababu yangu ilikuwa kwamba fedha imeshatoka, furaha imeshapanda, na sikutaka kuwa mtu wa kwanza kuwaharibia. Nimeirudia sababu hiyo mara nyingi kichwani na bado naiona ya kibinadamu, lakini kazini haikustahili.

Uani kwa gesti, saa mbili na nusu asubuhi

Kosta iliingia uani, vifijo na salamu za kwao, "Kamwene! Kamwene!" mpaka wahudumu wakatoka jikoni. Kisha mizigo ikaanza kushuka. Mashangazi kaja kumi na mawili, ndoo mbili za vitumbua na chapati, mkungu wa ndizi mbivu, kiroba cha machungwa, dumu la togwa la lita tano, katoni nne za maji.

Dereva wetu mkubwa alizunguka landikruza mara moja, akarudi kwangu. "Dada, hivi haviingii."

Tulikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kufunga mizigo juu ya keria. Dereva alikataa, na alikuwa sahihi: kwenye barabara ya mawimbi ya vumbi mzigo mzito juu unaliyumbisha gari, na paa lisingefunguka tena kwa ajili ya kutazama wanyama. Ya pili, kukodi gari la tatu, ambalo bajeti ya kikundi isingelibeba. Ya tatu, kupunguza. Tulichagua ya tatu. Tukatandika turubai, nikatoa nusu saa, na nikasema maneno ambayo nayakumbuka neno kwa neno:

"Mama zangu, chukueni nguo za siku mbili tu. Vingine tuviache hapa, tutavikuta Jumapili."

Walifanya hivyo hivyo. Kila mmoja alifungua begi lake, akatoa nguo za siku mbili, akazitia kwenye mkoba au kikapu. Sweta zilibaki, mablanketi yakabaki. Mabegi saba yalifungwa na kusukumwa stoo ya gesti, mengine matano yaliyopunguzwa sana yakaingia garini. Tuliondoka saa tano kasoro, nikijipongeza kimoyomoyo kwa kuokoa muda.

Barabarani na langoni

Barabara nitaipita haraka. Kalenga, Nzihi, kisha vumbi. Baada ya Idodi tulisikia mlio kama wa tairi kupasuka ndani ya gari la pili. Ni togwa. Mfuniko ulikazwa sana alfajiri kwenye baridi, kinywaji kikaendelea kuchacha njiani, joto likaongezeka, gari likakitikisa, na dumu likapasuka ubavuni. Chapati zote zililowa. Mama aliyepika togwa ile alicheka hadi akalia, lakini viti vya gari vilinuka kichachu mpaka Jumapili, na nzi walitufuata kwa uaminifu.

Langoni tulikaa dakika hamsini. Mtanzania hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni, na ili ulipe hicho unaonyesha kitambulisho. Kati ya kumi na wawili, wanne hawakuwa navyo. Walivibeba kutoka nyumbani kama nilivyoagiza, vikabaki kwenye mabegi Iringa, kwa sababu kitambulisho si nguo. Wawili walikuwa na picha kwenye simu, wengine wawili tukapiga simu nyumbani, watoto wakatafuta nakala na kuzituma. Nilipaswa kusimama pale na kujiuliza ni nini kingine kimebaki Iringa ambacho si nguo. Sikujiuliza. Ng'ambo ya daraja kulikuwa na viboko, na kila mtu alikuwa amesimama kwenye kiti.

Usiku wa kwanza

Mama S., miaka 63, ana presha na humeza kidonge kimoja kila siku baada ya chakula cha usiku. Saa mbili na nusu alifungua kikapu chake, akatoa nguo moja moja, akaziweka kitandani, akazirudisha, akazitoa tena. Mwenzake wa chumba ndiye aliyekuja kuniita.

Dawa zilikuwa kwenye mfuko wa pembeni wa shangazi kaja, Iringa. Mashine ya kupimia presha pia.

Bahati yetu ilikuwa kwamba mmoja wa wanakikundi ni nesi mstaafu. Alimkalisha Mama S. barazani, akamuuliza kichwa, macho, kifua, mapigo. Hakuna dalili. Kabla hajamaliza, mama mwingine alikuja na bahasha ya vidonge mkononi: "Hizi nazo ni za presha, chukua moja mama, utanirudishia." Alitoa kwa upendo kabisa. Nesi aliisukuma bahasha ile pembeni. Dawa za presha ni za aina nyingi, alisema, ya huyu inaweza kumshusha yule mpaka akaanguka chooni usiku. Yale maneno yalikuwa uamuzi bora wa safari nzima, na hayakutoka kwangu.

Kurudi Iringa usiku haikuwezekana. Malango hufungwa saa kumi na mbili jioni, na kuendesha gari ndani ya hifadhi usiku bila kibali hairuhusiwi. Nilitafuta sehemu yenye mtandao, nikampigia mhudumu wa gesti. Akaingia stoo, akakuta mashangazi kaja saba, yote ya miraba ile ile, hakuna hata moja lenye jina. Ilibidi afungue mabegi ya watu, simu sikioni, akitutajia anachokiona: "Hili lina blanketi la kijani… hili lina gauni la kanisani…" Akina mama wamenizunguka, kila mmoja anatega sikio vitu vyake vitangazwe hadharani. Begi la nne ndilo lilikuwa na dawa.

Usiku ule ule nilimpata dereva wa kampuni nyingine aliyekuwa analeta wageni asubuhi. Alipitia gesti saa kumi na mbili, na saa sita mchana tulikutana naye. Mama S. alikosa kidonge kimoja. Nesi alimwambia anywe cha siku hiyo kwa wakati wake wa kawaida, asijilipie deni kwa kumeza viwili.

Jumamosi

Kulipokucha nyani walikuwa wametutangulia. Mtunza mabanda alituonya tulipofika kwamba matunda yote yafungiwe stoo, kwa sababu nyani wanajua kufungua zipu na tembo anaweza kusogelea harufu ya ndizi au machungwa kutoka mbali. Tulifungia mkungu na kiroba. Lakini bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, alificha mkono mmoja wa ndizi chini ya kitanda, "akiba ya njiani". Alipokwenda kuoga aliacha mlango wazi. Nyani dume aliingia, akatoka na ndizi pamoja na kikapu kizima, akakaa juu ya jiwe, na akawa anatoa vitu kimoja kimoja kama mtu anayekagua mzigo forodhani. Nguo ya ndani, miwani, Biblia. Miwani tuliipata, fremu moja imepinda. Tungekuwa tumelala kwenye mahema, ndizi zile zingeweza kumleta tembo usiku, na hapo nisingekuwa naandika kwa wepesi huu.

Kitu kilichonifundisha zaidi siku hiyo kilikuwa chupa za maji.

Tulitoka alfajiri, kila mama na chupa yake ya lita moja na nusu. Saa tano hivi mama mmoja kwenye gari langu aliinamisha kichwa. Kinamuuma, anaona kizunguzungu. Nilitazama chupa yake, imejaa. Nikatazama za wenzake, zote zimejaa. Kwenye gari la pili, vivyo hivyo. Nesi akamuuliza, "Mama, umekunywa maji lini?"

"Jana."

"Kwa nini?"

Alijibu kwa sauti ya chini, akikwepa mgongo wa dereva: "Nikinywa nitataka kushuka. Na simba tumemwona pale. Na kaka huyu yupo."

Nimewahi kuongoza wageni mamia. Mgeni wa kizungu akibanwa anasema, gari linasimama mahali panaporuhusiwa, mambo yanaisha. Hawa kumi na wawili walikuwa wamepatana kimya kimya, bila hata kuambiana, kwamba ni afadhali kiu. Wala si ushamba. Mama mtu mzima hamwambii dereva wa umri wa mwanawe kwamba amebanwa, na mimi kama mwanamke mwenzao ndiye niliyepaswa kulisema kabla hawajapanda gari.

Tulikwenda hadi sehemu inayoruhusiwa kushuka, ukingo ulio wazi ambapo unaona mbali pande zote. Madereva walikagua, kisha wakasogea mbele ya magari na kugeuka kutazama mto. Nikatoa khanga mbili, akina mama wanne wakazishika pembe nyuma ya gari. Wa kwanza aliingia kwa aibu. Wa pili akacheka. Baada ya hapo ikawa foleni, na mmoja akaanzisha wimbo. Chupa zilikauka ndani ya saa moja.

Mchana tuliingia kwenye miombo, na hapo fulana zikatoa hesabu yake. Ndorobo huvutwa na gari linalotembea na kivuli kizito, na hupenda zaidi bluu na nyeusi. Wanauma kupitia kitambaa chembamba, na dawa ya kupaka kwa ajili ya mbu haiwasumbui sana. Tulifunga vioo. Ndani, joto likawa la tanuri la mkate. Tukafungua, wakaingia. Katikati ya mapambano hayo tulipita karibu na kitambaa kilichoning'inizwa kwenye mti, mtego wa ndorobo, kipande cha bluu na kipande cheusi chenye sumu. Mweka hazina alikitazama, akashika fulana yake, akauliza kwa utaratibu kabisa: "Mwanangu, mbona kitambaa chao na chetu ni kimoja?"

Nilimweleza. Kimya kidogo. Kisha mwenyekiti akageuka nyuma: "Na wewe ulijua?"

Nikasema nilijua.

"Basi tungekufunga kwenye ule mti."

Walivua fulana chini ya khanga, wakavaa nguo nyepesi walizokuwa nazo, wale wasio nazo wakajifunga khanga za rangi ya maziwa mabegani. Ndorobo hawakuisha, walipungua. Jioni yake, kwenye kingo za mto wa mchanga wa Mwagusi, tulikaa nusu saa na kundi la tembo waliokuwa wanachimba maji kwa miguu na mikonga. Bibi wa ndizi hakusema neno. Baadaye aliniuliza maji ya mto Ruaha yanatoka wapi. Nilimwambia: yanashuka kutoka milima ya kwetu, kwa mito kama Mbarali na Ndembera, yanakusanyika bonde la Usangu ndipo yanakuja huku. "Kumbe tunawalisha sisi," alisema.

Matokeo

Mama S. alipima presha Jumatatu kwenye zahanati ya kwao, ikawa kama kawaida yake. Aliyekuwa na kizunguzungu alipona siku hiyo hiyo kwa maji na chumvi-sukari ya pakiti. Gari moja lilipoteza karibu nusu ya Jumamosi kwa kufuata dawa.

Siku ya 11 baada ya kurudi, yule mdogo wa miaka 29 aliamka na homa na kutetemeka. Duka la dawa aliloenda kwanza lilimpa dawa za mafua. Ni nesi mstaafu tena aliyempigia kuuliza hali, akasikia homa, akahesabu siku, akamwambia akapime haraka na aseme alikuwa wapi. Kipimo kilitoa malaria, akatumia dawa mseto siku tatu, akapona. Iringa na Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, kwa hiyo mtu wa huku akiwa na homa, malaria haiji akilini kwanza, na mwili wake haujazoea kupambana nayo. Blauzi zake za mikono mirefu zilikuwa kwenye begi lililobaki Iringa. Alichukua nguo za siku mbili, akachagua nyepesi kwa sababu ya joto. Alinisikiliza vizuri mno.

Uchambuzi

Ukisoma kisa hiki haraka unaweza kusema hawa akina mama hawakujua kufungasha. Nimekagua tena, kitu kwa kitu, na haikuwa hivyo. Dawa zilifungashwa. Mashine ya presha ilifungashwa, na ni wageni wangu wachache wanaokumbuka kuibeba. Vitambulisho, nguo za mikono mirefu, maji, vyote vilitoka nyumbani. Vilikuwa kwenye begi ambalo wakati wa kuhitajika halikufikika, au mkononi lakini havitumiki, kama yale maji.

Kosa kubwa lilikuwa sentensi yangu pale uani. Nilisema "nguo". Mtu mwenye haraka, kwenye turubai, mbele ya wenzake, anatafuta kile alichoambiwa. Ningesema "kwanza toeni dawa, kitambulisho na miwani, wekeni mkononi, ndipo tuchague nguo", nusu saa ile ile ingetosha. Vilevile sikukagua. Sasa kabla ya gari kuondoka nauliza kila mtu, mmoja mmoja, anionyeshe kwa mkono: kitambulisho kiko wapi, dawa iko wapi. Sikubali jibu la "ipo", nataka kuiona. Wengine huona ni kuwafanya watoto. Nawaeleza habari ya mashangazi kaja saba, wanacheka, wananionyesha.

Kupunguza mizigo chini ya shinikizo ni hatari kuliko kubeba mizigo mingi. Hili sikulijua. Mtu akifungasha nyumbani kwake kwa siku tatu, kichwa chake kina ramani ya kila kitu kilipo. Ukimlazimisha afungashe upya kwa dakika thelathini, ramani ile imevurugika na hana nyingine. Ningetuma picha ya begi lenyewe, limewekwa kando ya kiti cha gari, wangeona ukubwa. Neno "moja" halina kipimo.

Kuhusu fulana, wengine niliowasimulia wamesema nilipaswa kuzikataza. Sidhani kama ningeweza, wala kama ilihitajika. Sare ni nusu ya furaha ya safari ya kikundi. Ilitosha kusema: zivaeni kwenye kosta na kwa picha ya langoni, garini tuvae nyepesi za rangi ya mchanga. Nilinyamaza kwa adabu, na adabu ile waliilipia wao kwa kuumwa.

Kofia moja ya rangi za kijeshi, aliyoazimwa mama mmoja na mwanawe, niliiona mapema uani na kuiacha gesti kwa uwazi kabisa, nikieleza kwamba raia kuvaa mavazi ya aina hiyo nchini ni kosa. Hakuna aliyenuna. Hiyo inanionyesha kwamba la fulana nalo lingepokelewa.

Yaliyofaa ni machache, lakini yalifaa kweli. Kuwa na mtu wa afya ndani ya kikundi, na kumpa nafasi ya kuamua, kuliokoa mambo mawili ambayo mimi nisingeyaweza. Na khanga. Ilikuwa pazia la choo, kinga ya vumbi, shuka la usiku ambao hakuna aliyehitaji blanketi, na vazi la kuokolea fulana. Katika orodha yangu ya zamani haikuwemo, kwa sababu wageni wale hawana khanga. Akina mama waliibeba bila kuagizwa, kila mmoja mbili. Kama kuna kitu nilipaswa kujifunza kwao kabla ya kuwafundisha, ni hicho.

Nilichobadilisha

Orodha sasa ninazo mbili. Ya wanaoshuka kwa ndege, na ya wanaoshuka kutoka milimani. Ya pili inaanza na begi dogo la kukaa miguuni, na vitu vyake vimetajwa kwa majina kabla ya nguo kutajwa kabisa. Kila begi kubwa linaandikwa jina kwa kalamu nene kwenye kipande cha plasta. Maji ni lita tatu kwa mtu kwa siku, na habari ya khanga na kushuka naisema mwenyewe, kwa wanawake peke yao, kabla ya safari. Togwa inaruhusiwa, mfuniko usikazwe. Mwisho wa orodha kuna tarehe: mpaka siku ya 30 baada ya kurudi, homa yoyote, nenda kapime malaria.

Mwezi uliopita mwenyekiti alipiga tena. Mwaka huu wanataka Hifadhi ya Kitulo, kuona maua, Februari. Nikamwambia Kitulo ni kama mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, mvua na ukungu, waandae sweta, makoti na yale mablanketi.

Akakaa kimya kwenye simu. "Yale yale uliyotuachisha Iringa?"

"Yale yale, mama."

"Na fulana?"

Fulana nazo zinafaa, Kitulo ndorobo hakai.